Nani Alikuambia Kuna Almasi Hapo? Historia Fupi ya Kutafuta Vitu Katika Michezo ya Kompyuta

Mjomba wangu alichimba koltani katika milima ya Kalehe, Kivu Kusini, alipokuwa kijana wa miaka kama ishirini. Siku moja wakati wa likizo alinikuta nimeinamia kompyuta ya kuazima, nachimba. Alisimama nyuma yangu kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza, "Unatafuta nini?" Nikamjibu kwamba natafuta almasi. Akauliza tena, "Na nani alikuambia kuna almasi hapo?"

Nilicheka, lakini sikuwa na jibu. Kwa hiyo mwalimu wetu alipotutaka tuandike insha ya historia kuhusu kazi tunayoijua kwa mikono yetu, wenzangu walichagua kusuka mikeka, kuvua sambaza na kupika pombe ya ndizi. Mimi nilichagua swali la mjomba. Najua wapo watakaosema kwamba mchezo si kazi. Wasome kwanza.

Michezo ninayoizungumzia ni ile ambayo mchezaji huachiwa nchi nzima, ina milima, mito na mapango, akaambiwa aende atakako. Mtu asiyeicheza hudhani shughuli kubwa humo ni kuua mazimwi. Sivyo. Shughuli kubwa ni kuokota. Unaokota kuni, mawe, uyoga, funguo, ngozi za wanyama, na usipookota hufiki popote. Basi historia ya michezo hii inaweza kusimuliwa kwa kuuliza jambo moja tu: aliyekificha kitu alitaka mtafutaji akijueje?

Mmoja wa michezo ya mwanzo ya namna hii haukuwa na picha hata moja. Uliandikwa mnamo 1975 na 1976 na Mmarekani William Crowther, mtaalamu wa programu aliyefanya kazi katika kampuni iliyojenga mtandao wa ARPANET, mzazi wa intaneti ya leo. Crowther alikuwa na mapenzi mengine: mapango. Yeye na mkewe walikuwa wakiingia katika mapango makubwa ya Kentucky, wakiyapima na kuyachorea ramani. Ndoa ilipovunjika, akaandika mchezo ambao binti zake wangeweza kuucheza, na nchi ya mchezo huo ikawa pango lile lile alilolijua kwa magoti yake. Kompyuta ilikueleza kwa maneno mahali ulipo, nawe uliijibu kwa maneno mawili: chukua taa, ingia ndani, fungua mlango.

Mwanzoni mwa mchezo kuna nyumba ndogo karibu na chemchemi. Ndani yake mna vitu vinne: funguo, taa, chakula na chupa ya maji. Tazama orodha hiyo vizuri. Hakuna upanga wala bunduki. Ni mzigo wa mtu ambaye kweli anakwenda pangoni na anataka kurudi nyumbani jioni. Inasimuliwa kwamba watu waliolijua pango halisi waliweza kupita katika mchezo bila kupotea, ingawa walikuwa wanaucheza kwa mara ya kwanza. Hao wangekuwa na jibu kwa mjomba: walikuwa wamefika.

Mwaka 1977 Don Woods, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliupata mchezo huo, akaomba ruhusa ya Crowther, akaupanua. Humo unakuta ndege ambaye hushikiki bila tundu. Hata ukiwa na tundu, ndege anakukimbia ikiwa mkononi una ile fimbo nyeusi uliyoiokota njiani. Lazima uiweke chini fimbo, umkamate ndege, kisha urudi kuichukua fimbo. Baadaye ndege huyo huyo ndiye anayemfukuza nyoka aliyeziba njia. Na wakati wote huo taa yako inakula betri. Nikisoma habari za mchezo huu nahisi kwamba ulitungwa na watu waliojua kuwa giza si mchezo.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mnamo 1980 Warren Robinett aliugeuza wazo hilo kuwa mchezo wa picha kwa mashine ya Atari. Mchezaji alikuwa kijisanduku tu, na aliweza kubeba kitu kimoja kwa wakati: ama upanga, ama ufunguo, ama sumaku. Kampuni haikuruhusu majina ya watungaji yaonekane, hivyo Robinett alificha nukta moja ndogo yenye rangi sawa na sakafu. Aliyeipata nukta ile na kuibeba hadi mahali fulani aliingia chumba cha siri kilichoandikwa jina la mtungaji. Hakuna aliyeambiwa kwamba nukta ipo. Wakubwa wake hawakujua mpaka kijana mmoja mchezaji alipowaandikia barua. Naikumbuka hadithi hii kila nikimaliza kazi ambayo jina langu halitawekwa.

Wakati huo huo, katika vyuo vikuu vya California, wanafunzi walikuwa wakitunga mchezo ulioitwa Rogue, ambao mapango yake yalijipanga upya kila ulipoanza. Hata dawa zilizokuwa ndani ya chupa zilibadilika: dawa ya bluu iliyokuponya leo, kesho inakupofusha. Jirani yako aliyeucheza jana hana la kukusaidia.

Huo ndio ulikuwa mgawanyiko wa mwanzo, na naona umeendelea hadi leo. Upande mmoja yupo mtungaji anayeficha kitu kwa mkono wake, mahali pake, mara moja. Upande wa pili yupo anayeandika kanuni na kuiacha kanuni ifiche.

Shigeru Miyamoto alikuwa wa upande wa kwanza. Alizaliwa mwaka 1952 Sonobe, karibu na Kyoto, Japani, na ameeleza mara nyingi jinsi utotoni alivyotembea vilimani na kuingia pango alilolikuta, akiwa na taa. Yeye na Takashi Tezuka waliongoza utungaji wa The Legend of Zelda, uliotoka Japani tarehe 21 Februari 1986. Unaanza ukiwa mikono mitupu. Mbele yako kuna pango, ndani yake mzee, na mzee anakupa upanga wa mbao. Baada ya hapo nchi ni yako. Vitu vimefichwa nyuma ya miamba inayopasuka kwa bomu na chini ya vichaka vinavyoungua kwa mshumaa.

Nitasema wazi kwamba sehemu hii ya mchezo ule siipendi. Nimeucheza, tena kwa subira. Mwamba wenye pango ndani yake unafanana kabisa na mwamba usio na kitu. Kichaka chenye ngazi chini yake kinafanana na vichaka vingine vyote, na mshumaa wa bei nafuu unawaka mara moja tu kwa kila picha ya skrini, kisha inabidi utoke na kurudi. Huko si kutafuta, ni kupapasa. Lakini naelewa kwa nini watoto wa wakati ule waliupenda. Asiyejua aliuliza. Watoto waliambiana shuleni, walichora ramani kwenye karatasi, na huko Marekani kampuni iliweka washauri wa kujibu maswali kwa simu, na mwaka 1988 ikaanzisha gazeti. Nani alikuambia? Aliniambia mtoto wa jirani. Siri ilikuwa imefungwa ili watu wazungumze.

Sasa nafika kwenye mchezo niliokuwa naucheza mimi. Minecraft ulitolewa kwa umma kwa mara ya kwanza Mei 2009 na Msweden Markus Persson, akiuendeleza huku watu wanaucheza, hadi toleo kamili likatoka Novemba 2011. Miaka mitatu baadaye Microsoft iliinunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5. Nchi ya Minecraft imejengwa kwa michemraba, kila mmoja mita moja kwa mita moja, na hakuna aliyeipanga kwa mkono. Kompyuta huizalisha kwa hesabu, na kila mchezaji hupata nchi yake.

Unaanza mikono mitupu hapa pia, ila hakuna mzee pangoni. Unaupiga mti ngumi mpaka upate gogo. Gogo linakuwa mbao, mbao zinakuwa vijiti na meza ya kazi. Ukipanga mbao tatu kwa mstari juu na vijiti viwili chini katikati, unapata sururu. Sururu ya mbao inavunja jiwe, sururu ya jiwe inavunja mawe yenye chuma, chuma kinayeyushwa katika tanuri, na ni kuanzia sururu ya chuma tu ndipo unapoweza kuipata almasi. Kila chombo kina umri wake. Sururu ya mbao inavunja michemraba 59, ya jiwe 131, ya chuma 250, ya almasi 1,561, kisha inakatika mkononi.

Hakuna kati ya hayo niliyoambiwa na mchezo. Nakala yetu ilikuwa ya zamani, kwa maana mwaka 2017 mchezo uliwekewa kitabu cha kuonyesha jinsi ya kutengeneza vitu, nasi hatukuwa nacho. Tulikuwa wanafunzi wanne wa sekondari hapa Bukavu na kompyuta moja, mali ya kaka wa mmoja wetu, umeme ukiwepo. Wachezaji wa nchi nyingine walikuwa wameandika maarifa yote kwenye kurasa za intaneti, lakini vifurushi vya intaneti ni ghali. Basi aliyepata nafasi ya kuingia mtandaoni alinakili kwa kalamu. Tulikuwa na daftari la kurasa 96, tukalichorea miraba tisa tisa ya kila kifaa. Ukurasa mmoja tuliuzungushia wino mwekundu: almasi, tabaka la 11.

Namba ile ilikuwa na sababu. Almasi zilipatikana chini, karibu na sakafu ya dunia, lakini kuanzia tabaka la 10 kushuka mapango yalijaa lava. Mtu akichimba juu kidogo tu ya lava anapata almasi na anaishi. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji kuelezwa lava ni nini. Volkano ya Nyiragongo iliufikia mji wa Goma mwaka 2002 na kuupita katikati, na leo watu huko wanajengea kuta kwa mawe yake. Lakini nilishangaa kujifunza kwamba ndani ya mchezo ukimwaga ndoo ya maji juu ya lava iliyotulia, inageuka jiwe jeusi gumu sana. Hilo halikuwa limefichwa mahali fulani. Ni kanuni, na kanuni inafanya kazi popote.

Daftari lile lilitutumikia kwa miaka miwili. Kisha tarehe 30 Novemba 2021 likaja toleo jipya ambalo liliishusha sakafu ya dunia kwa tabaka 64 chini ya sifuri na kuzipanga upya mali zote za ardhini. Almasi sasa huwa nyingi kadiri unavyoshuka. Ukurasa wetu wenye wino mwekundu ukawa uongo kwa yeyote mwenye nakala mpya. Nilipokwenda chuo na kumkuta mwenzangu akichimba kwenye tabaka la hasi 59, nilimwambia kwa kujiamini kabisa kwamba anapoteza muda wake. Alinitazama kama mtu anayemtazama babu. Ndipo nilipoelewa kwa nini mwalimu wa historia hutusumbua kila siku tuandike mwaka pembeni ya kila habari.

Mchezo wa mwisho nitakaoutaja niliuona kwa wiki mbili tu, binamu yangu alipokuja kutoka Ubelgiji na mashine yake ya Switch. Ni Zelda ya tarehe 3 Machi 2017, Breath of the Wild, iliyoongozwa na Hidemaro Fujibayashi. Watungaji wake walieleza katika mkutano wa San Francisco mwaka huo kwamba walianza kwa kutengeneza mfano mdogo uliofanana na Zelda ya 1986, wakajaribu humo kanuni chache: moto, maji, upepo na umeme huvibadilisha vitu, nazo hubadilishana zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo tufaa likiachwa karibu na moto linaiva. Ukiweka kuni na jiwe la kiberiti chini ukalipiga kwa chuma, moto unawaka. Ukibeba upanga wa chuma kwenye mvua ya radi, radi inakutafuta wewe. Mbegu 900 zimefichwa kwa mkono katika nchi ile, lakini hazikufichwa kama zile za 1986. Unaona kileleni jiwe moja limekaa peke yake, bila sababu, unashuku, unalinyanyua, na kweli mbegu ipo chini yake. Binamu yangu alilalamika sana kwamba silaha zake zinavunjika. Mimi niliona ni haki, maana asingeinama kuokota nyingine.

Nirudi kwa mjomba. Jioni ile nilipomwonyesha daftari, aliuliza kama mimi ningeweza kumweleza alivyokuwa anatafuta yeye. Sikuweza. Akanieleza.

Walianzia mtoni. Walichota mchanga wa mto kwenye karai, wakauzungusha na maji, mchanga mwepesi ukatoka, zikabaki punje nyeusi nzito. Punje zikionekana, walipanda na mto hadi mahali zilipokatika, kisha wakaingia mlimani upande ule. Huko walitafuta udongo mweupe, laini kama unga wa muhogo, kwa kuwa koltani hukaa ndani yake. Kisha walilipima jiwe kwa kiganja. Jeusi lakini jepesi, tupa. Jeusi na zito, linaweza kuwa koltani au linaweza kuwa bati, na bei zake si moja. Hakuna aliyekuwa na daftari. Mkubwa wa shimo alijua, na aliyetaka kujua alimfuata mkubwa wa shimo.

Nilipofika chuoni nilisoma upande wa pili wa hadithi yake. Koltani hutolewa tantalamu, na tantalamu hutengenezewa kapasita, vijidude vya kuhifadhi chaji ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. Mwaka 2000 viwanda viliitaka sana, na bei yake ikaruka mara kadhaa ndani ya miezi michache. Mwaka huo huo PlayStation 2 iliingia sokoni, na waandishi wengi wameilaumu kwa yaliyotokea Kivu. Nadhani wamerahisisha mambo, kwa sababu simu za mkononi zilikuwa nyingi zaidi na wanunuzi waliogopa uhaba wakajaza maghala. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Mwaka huo pia wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti jinsi madini ya mashariki mwa Kongo yalivyowalipia watu wenye bunduki. Mjomba hakuisoma ripoti hiyo. Anachokumbuka ni kwamba juma moja mnunuzi alilipa, na juma lililofuata mnunuzi hakupanda mlima.

Anakumbuka pia rafiki yake aliyebaki shimoni msimu wa mvua, udongo ulipoteremka. Hilo alinieleza mara moja tu na sitaliandika zaidi ya hapo.

Basi nikampa kiti. Nilimfundisha vitufe vinne vya kutembea na kile cha kuchimba. Alishuka ngazi niliyokuwa nimeichonga, polepole, akitazama juu kuliko mbele. Baada ya michemraba kama ishirini alisimama. Akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, "Hii mulima haiangukake?"

Nikamwambia hapana, hauanguki. Katika mchezo huu mchanga na kokoto ndivyo vinavyoporomoka ukiviondolea kilicho chini. Jiwe hukaa hewani hata ukiondoa kila kitu chini yake. Hakuniamini. Nikatoka nje, nikakata mlima katikati mbele ya macho yake, sehemu ya juu ikabaki inaelea. Akatikisa kichwa. "Aliyeutunga huu," alisema, "hajawahi kuingia."

Tukarudi chini. Aliendelea kuchimba kwenda kulia, kisha akatoboa ukuta na kutokea kwenye njia ambayo hakuichimba yeye wala mimi. Watungaji waliziweka kwenye mchezo zamani: migodi iliyoachwa, yenye reli, utando wa buibui, mienge michache, na nguzo za mbao kushoto na kulia zikibeba boriti juu, kila baada ya hatua kadhaa. Ndani yake hamna mtu. Mjomba alisogea hadi kwenye nguzo ya kwanza akaitazama, kisha ya pili. Alikuwa anazihesabu.

"Hawa waliingia," alisema. "Wamekwenda wapi?"

Nilimwambia mchezo hauelezi. Hakusema kitu. Alirudi kwenye shimo langu, akafungua mfuko wangu, akaniuliza mbao ni zipi. Nilikuwa nazo 40, nilizokata asubuhi nzima kwa ajili ya nyumba. Akaanza kuzipanga: moja kushoto, moja kulia, moja juu. Hatua tatu, kisha tena. Nilimkumbusha kwamba mlima hauanguki na mbao zinaisha.

"Nimesikia," alisema, akaweka nyingine.